Nahodha Anadaiwa Nini na Waliomtangulia?

Mwezi Novemba 2025, timu ya kriketi ya Uingereza ilipokuwa Perth ikingojea kuanza kwa mfululizo wa Ashes dhidi ya Australia, nahodha wake Ben Stokes aliulizwa habari ya maandalizi. Kikosi kilikuwa kimepangiwa mechi moja tu ya kujipasha misuli, tena dhidi ya Lions, ambao ni kikosi cha pili cha Uingereza hiyo hiyo, katika kiwanja cha Lilac Hill. Wachezaji wa zamani walikuwa wameshalipigia kelele jambo hilo. Ian Botham, mmoja wa wakubwa kabisa waliowahi kuichezea Uingereza, alifika mahali pa kusema kwamba maandalizi ya namna ile yanakaribia kiburi. Stokes akajibu kuwa ziko sababu kadhaa zinazowazuia kujiandaa kama walivyojiandaa zamani hao waliokwisha kuchuja. Tusi hilo ndilo lililobebwa na magazeti. Zile sababu, ambazo kwa kweli zilikuwa na uzito, hazikuulizwa tena na mtu.

Ugomvi wa namna hii huweza kuachwa upite kama kelele za michezo, maana kila msimu una wake. Lakini ndani yake limo swali ambalo halikuanzia kwenye kriketi: mtu aliyekabidhiwa madaraka anadaiwa nini na waliowahi kuyashika kabla yake? Utii? Adabu ya kunyamaza? Jibu? Au hadaiwi kitu? Waswahili tuna methali inayolijibu swali hili upesi, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo inachukulia kuwa mkuu ameona na mdogo bado. Hapa sivyo ilivyo. Stokes alikuwa na umri wa miaka 34 na Testi zaidi ya 100 mgongoni, yaani mechi za kimataifa za siku tano, kwa hiyo waliokuwa wakizozana ni wakuu kwa wakuu, mmoja kazini na wengine wamestaafu. Ninavyoona, nahodha hadaiwi utii wala unyenyekevu, na halazimiki kumjibu kila anayeshika maikrofoni. Anadaiwa kitu kimoja tu, nacho ni kizito: kuliondoa neno kinywani mwa msemaji na kulipima peke yake. Anayejibu kwa kusema zama zako zimepita amekwepa deni hilo, na papo hapo amekitia ufa kile kile kinachompa yeye haki ya kusikilizwa.

Tuanze na hicho kinachompa haki. Nahodha wa kriketi si kama nahodha wa mpira wa miguu, ambaye kazi yake uwanjani ni kushiriki urushaji wa shilingi na kuzungumza na refa huku kocha akipanga kila kitu kutoka pembeni. Katika Testi ya siku tano, nahodha ndiye anayeamua nani arushe mpira na kwa muda gani, nani asimame wapi, lini timu iache kupiga na kuwaita wapinzani wapige. Hufanya maamuzi ya aina hiyo mara kadhaa kwa saa, na wenzake kumi humtii bila kuomba maelezo. Wanamtii kwa sababu wanaamini kuwa aliyekwisha kupita katika hali kama ile anajua kitu ambacho hakiandikiki ubaoni. Hilo ndilo jengo zima la unahodha: kwamba uzoefu ni aina ya elimu. Sasa, kama uzoefu ni elimu, hauyeyuki siku mtu anapotundika pedi zake. Unaweza kuchakaa, unaweza kupitwa na mambo mapya, lakini haufi kwa tarehe. Nahodha anayesema mkosoaji wake hajui kitu kwa kuwa amestaafu anatuambia, bila kukusudia, kwamba elimu yake mwenyewe ina tarehe ya kuharibika, na tarehe hiyo haiko mbali.

Upande wa pili nao una kosa la aina hiyo hiyo, na hapa wakongwe hawapaswi kuachwa. Botham alichukua wiketi 383 za Testi na kufunga mikimbio zaidi ya 5,000. Hesabu hizo ni za kutisha, lakini hazisemi lolote kuhusu mechi ngapi za kujipasha misuli zinatosha kabla ya Perth. Wala ukubwa wa mchezaji hauleti ukubwa wa nahodha. Botham mwenyewe aliiongoza Uingereza katika Testi 12 asishinde hata moja. Mwaka 1981 alitoka Lord's bila mkimbio hata mmoja katika zamu zake zote mbili, akaacha unahodha, na Mike Brearley akarudishwa. Testi iliyofuata, pale Headingley, Botham aliyetuliwa mzigo alipiga 149 bila kutolewa na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 18 baada ya kulazimishwa kupiga mara mbili mfululizo. Brearley ndiye ushahidi wa ajabu kuliko wote. Alicheza Testi 39, hakufikisha mikimbio mia katika zamu hata mara moja, wastani wake haukufika 23, yaani kama mpigaji alikuwa wa kawaida mno kwa kiwango hicho. Lakini aliongoza Testi 31, akashinda 18 na kupoteza nne. Alikuwa mtu wa falsafa aliyekuja kuwa mtaalamu wa tiba ya nafsi, na kitabu chake juu ya unahodha, cha mwaka 1985, bado kinasomwa na watu wasiojua hata bao la kriketi linavyosomwa. Basi anayeuliza "wewe ulifunga ngapi?" anauliza swali ambalo Brearley angeshindwa kulijibu na bado angekuwa na haki ya kusema. Vile vile anayemwambia Botham "wewe uliposhika unahodha ulishinda ngapi?" hajathibitisha kwamba Botham amekosea juu ya maandalizi. Aliyeshindwa kazi mara nyingi ndiye anayejua vizuri ilipomshinda.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu cha tatu cha Siasa. Aliuliza kama fundi ndiye hakimu bora wa kazi ya ufundi, akajibu kwamba si daima: mwenye kukaa ndani ya nyumba huijua kuliko aliyeijenga, na mla karamu huihukumu kuliko mpishi. Kwa kipimo hicho hata asiyewahi kushika gongo ana nafasi ya kusema. C.L.R. James wa Trinidad hakuwahi kucheza Testi, lakini mwaka 1960 alitumia gazeti la The Nation kupigania kwamba Frank Worrell apewe unahodha wa West Indies, nafasi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imehifadhiwa kwa weupe. Worrell alipewa, akaipeleka timu Australia, na Testi ya kwanza jijini Brisbane ikaisha kwa sare ya mikimbio, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika Testi yoyote. Huku kwetu, mchambuzi wa redio akikosoa kikosi cha Simba au Yanga, huambiwa hajawahi kucheza hata ligi ya mkoa. Wachezaji wastaafu ndio wanaopenda zaidi kuitumia fimbo hiyo dhidi ya waandishi, kisha hushangaa mchezaji wa leo akiwageuzia hiyo hiyo. Ukiifuata hoja hiyo hadi mwisho wake, mduara wa wenye ruhusa ya kusema unapungua kila mwaka, hadi abaki mmoja tu, nahodha mwenyewe, ambaye ndiye mtu mwenye sababu nyingi zaidi za kujidanganya.

Kuna watakaosema kwamba maneno yote haya ni ya bure kwa kuwa michezo ina hakimu wake, matokeo. Nahodha asijibu kwa mdomo, ajibu kwa gongo. Hili ndilo jibu linalopendwa kuliko yote, na ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote. Tarehe 13 Julai 2002, fainali ya mechi za ova 50 kati ya Uingereza na India ilichezwa Lord's. Nahodha wa Uingereza, Nasser Hussain, alikuwa amesemwa sana na wachambuzi, wakiwemo wachezaji wa zamani, kwamba hafai kupiga nafasi ya tatu katika mechi fupi. Siku hiyo alipiga 115, mia yake ya kwanza na ya mwisho katika aina hiyo ya mchezo. Alipoifikisha aligeukia kibanda cha wanahabari, akanyoosha vidole vitatu, akaonyesha namba tatu iliyo mgongoni mwa jezi yake, tena na tena, uso umekunjamana. Uingereza ilimaliza na 325. India wakaanguka hadi wiketi tano kwa 146, halafu vijana wawili, Yuvraj Singh na Mohammad Kaif, wakawabeba hadi wakashinda zikiwa zimebaki wiketi mbili na mipira mitatu, na nahodha wao Sourav Ganguly akavua shati kwenye roshani na kulizungusha hewani. Picha hiyo ya Ganguly ndiyo iliyobaki kuwa ya siku ile.

Vile vidole vitatu vilithibitisha nini? Kwamba Hussain angeweza kupiga mia akiwa namba tatu, ndiyo. Lakini wakosoaji hawakusema hawezi kabisa. Walisema kwa hesabu ya mechi nyingi timu ingefaidika zaidi na mwingine mahali pale. Zamu moja haiwezi kulijibu dai la aina hiyo, iwe nzuri au mbaya. Hata kushindwa kwa Uingereza jioni ile hakukuwapa wakosoaji ushindi, maana waliopoteza mechi ni warushaji. Miezi sita baadaye, Januari 2003, nahodha wa Australia Steve Waugh, ambaye Ian Chappell alikuwa akimwita mbinafsi kwa miaka, alifikisha mia yake jijini Sydney kwa mpira wa mwisho kabisa wa siku, uwanja mzima umesimama. Australia ikapoteza mechi hiyo kwa mikimbio 225. Na Alastair Cook, majira ya joto ya 2014, alikuwa anaombwa na wakongwe ajiuzulu baada ya kupoteza kwa Sri Lanka kwenye Testi iliyoamuliwa kwa mpira wa kabla ya mwisho, kisha kwa India pale Lord's. Akaenda Southampton, na akiwa na mikimbio 15 tu akaukata mpira ukaenda mikononi mwa Ravindra Jadeja, ambaye aliuangusha. Cook akafika 95, Uingereza ikashinda kwa mikimbio 266, ikachukua mfululizo 3–1, na mwaka uliofuata ikatwaa Ashes. Laiti vidole vya Jadeja vingefunga, yumkini wakosoaji wangehesabiwa kuwa waliona mbali. Ukweli wa hoja yao juu ya mbinu za Cook haukubadilika kwa nusu sekunde ile. Kilichobadilika ni nani atakayechekwa kesho yake.

Wasomaji wa Kenya wana mfano wao, nao una ladha tofauti. Februari 29, 1996, katika Kombe la Dunia, jijini Pune, Kenya ya Maurice Odumbe ilifunga 166 tu, kisha ikawatoa West Indies kwa 93. Nahodha wa West Indies, Richie Richardson, ambaye tayari nyumbani kwao alikuwa chini ya lawama kubwa, akatangaza kwamba atauachia unahodha baada ya mashindano. Siku chache baadaye alipiga 93 bila kutolewa akaifunga Australia, na timu yake ikafika nusu fainali. Kama matokeo ni hakimu, basi hakimu huyu alitoa hukumu mbili zinazopingana ndani ya wiki moja.

Perth nako ni vivyo hivyo, ingawa wengi hawakutaka kuona hivyo. Testi ile iliisha kwa siku mbili, Australia ikishinda kwa wiketi nane, na wakongwe wakapata sauti ya waliosema mapema. Lakini tazama mechi yenyewe. Uingereza ilipiga 172, ikawatoa Australia kwa 132, Stokes mwenyewe akichukua wiketi tano kwa mikimbio 23. Katika zamu ya pili ikafika 65 kwa wiketi moja, ikiwa mbele kwa 105. Kisha wiketi tisa zikaanguka kwa mikimbio 99, na Travis Head akaimaliza kazi kwa 123 katika mipira 83. Mwenye kutaka kusema timu haikuwa tayari ataonyesha zile wiketi tisa, na mwenye kutaka kusema ilikuwa tayari ataonyesha siku moja na nusu zilizotangulia. Kumbukumbu ya miaka ya nyuma haimsaidii mmoja wao zaidi ya mwingine. Timu ya 1986–87, ambayo Botham alikuwemo chini ya Mike Gatting, ilicheza mechi za kutosha dhidi ya majimbo ya Australia kabla ya Testi, ikacheza vibaya mno, hadi mwandishi mmoja wa gazeti akaona ina upungufu wa mambo matatu tu, kupiga, kurusha na kudaka. Ikashinda mfululizo 2–1. Je, ilishinda kwa sababu ya mechi zile, au licha yake? Mtu mwenye nia ya kujua angelazimika kuketi na ziara nyingi, si moja. Hiyo ndiyo kazi niliyosema nahodha anadaiwa, na ndiyo kazi ambayo wakongwe nao hawakuifanya.

Kuna pingamizi jingine, nalo linatoka katika maadili yetu ya dini. Nasaha, tunafundishwa, hutolewa faraghani. Anayemnasihi mwenzake mbele za watu amemfedhehesha. Fundisho hili limeota mizizi pwani yote ya Afrika Mashariki, na linanasibishwa na Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyotawala huku. Ghazali naye, alipoandika juu ya kuamrisha mema, alizipanga hatua: kwanza kumjulisha mtu, kisha kumwaidhi kwa upole, na maneno makali yaje baadaye. Kwa mizani hiyo Botham alipaswa kumpigia Stokes simu. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito kuliko lile la matokeo, kwa sababu linauliza juu ya nia na njia, si juu ya bahati. Hata hivyo linachanganya mambo mawili. Nasaha ya siri inahusu aibu ya mtu binafsi, jambo ambalo lingebaki limefichika kama si ulimi wa msemaji. Unahodha wa taifa si siri ya mtu. Unafanywa mchana kweupe, mbele ya watu waliolipa kiingilio na mamilioni wanaotazama, na anayeuchambua hasemi na nahodha peke yake, anasema na wenye timu. Wanazuoni wenyewe, walipoijadili ghiba, walikubali kwamba ziko hali ambapo kumtaja mtu kunaruhusiwa. Nawawi alitaja sita, ikiwemo kuwaonya watu. Mpangilio wa timu na ratiba ya maandalizi vinaweza kusemwa hadharani bila dhambi. Kinachobaki chini ya hukumu ya lile fundisho ni pale mkosoaji anapoiacha kazi na kuingia moyoni mwa mtu: kiburi, ubinafsi, woga. Hayo hakuna anayeyaona kutoka kwenye kibanda cha watangazaji.

Hapo ndipo naona mpaka ulipo. "Mechi moja haitoshi" ni dai linaloweza kupimwa, na nahodha anadaiwa uchunguzi wake. "Wana kiburi" ni dai ambalo halipimiki kwa chombo chochote alicho nacho msemaji, na nahodha ana haki ya kuliacha lidondoke chini. Shida ni kwamba wakosoaji huyauza yote mawili katika kifurushi kimoja, na lile la pili ndilo linalouza gazeti. Nahodha aliyeumizwa na la pili hulitupa na la kwanza. Cook alifanya hivyo Juni 2014, alipokerwa na mashambulizi ya Shane Warne akasema yamekuwa ya kibinafsi na kwamba inabidi kitu kifanyike. Kuhusu mashambulizi kuwa ya kibinafsi huenda alikuwa sahihi. Lakini Warne, mmoja wa warushaji wenye akili kubwa kuliko wote katika historia ya mchezo, alikuwa pia akisema kitu mahususi, kwamba Cook ni mwoga katika kupanga watu wake na huwaacha wapinzani wapumue. Ukiondoa neno mwoga, kinachobaki ni ushauri wa bure kutoka kwa mtu ambaye timu nyingine zingemlipa fedha nyingi kuusikia. Plutarch aliandika insha nzima juu ya namna ya kufaidika na maadui, na kiini chake ni kwamba adui hututazama kwa makini ambayo rafiki hana. Kwamba Warne alilipwa kusema, kwamba hakuwa na cha kupoteza akikosea, kwamba labda hakumpenda Cook, yote ni sababu za kumsikiliza kwa tahadhari, lakini hakuna hata moja iliyo sababu ya kuamini kwamba alichosema si kweli.

Ugumu zaidi uko kwenye hoja ya vyumba vya kubadilishia nguo. Nahodha, watasema, si mwanafalsafa. Ana vijana kumi wanaomtazama, na mmoja wao akiona shaka machoni pake kesho atapiga kwa mikono inayotetemeka. Afadhali awe mkali, hata asiye wa haki, kuliko kuonekana amesikia. Nakubali nusu ya hoja hii. Nahodha hana wajibu wa kukiri hadharani, na uso mkavu mbele ya kamera si uongo. Lakini dharau si uso mkavu. Dharau ni tamko, na wale vijana kumi wanalisikia pia. Wanajifunza kwamba katika timu hii anayeona tatizo ni adui, na siku mmoja wao atakapoliona atanyamaza. Linganisha na Rohit Sharma. Januari 2025 jijini Sydney, baada ya kufunga mikimbio 31 katika zamu tano, alijiondoa mwenyewe katika Testi ya tano akiwa nahodha wa India, kisha akasema kwenye runinga kwamba watu wenye maikrofoni, kompyuta na kalamu hawataamua lini yeye astaafu. Kwa maneno aliwafukuza wakosoaji. Kwa vitendo alikuwa ameshaliangalia swali lao ana kwa ana na kulijibu dhidi ya nafsi yake, kitu ambacho manahodha wengi hawakuwahi kuthubutu. Akatunza madaraka yake ya kuamua, na hakuyatumia kukwepa kuamua. Mwezi Mei aliaga Testi, kwa wakati wake. Kama lazima nichague, namchukua nahodha mwenye ulimi mkali na sikio wazi kabla ya yule mwenye adabu asiyesikia.

Imebaki hoja ya zama, ambayo kwa Stokes ndiyo iliyokuwa na nguvu zaidi. Mchezo umebadilika kweli. Kalenda imejaa ligi za ova 20, wachezaji wanatoka nchi hadi nchi, na ile miezi ya ziara ambamo timu ilizunguka majimbo yote ya Australia kabla ya Testi haipo tena. Mkongwe anayesema fanyeni kama sisi anapaswa kuonyesha wiki hizo zitatoka wapi. Lakini hoja ya zama haifanyi kazi kwa jumla, lazima itajwe jambo kwa jambo. Ratiba imebadilika. Je, jinsi mpira unavyoruka juu kutoka kwenye ardhi ngumu ya Perth, na muda ambao mpigaji aliyezoea viwanja vya Uingereza anahitaji ili aache kuufuata kwa gongo, navyo vimebadilika? Kama havijabadilika, mkongwe bado ana kitu cha kufundisha hapo, hata kama hajui chochote kuhusu mikataba ya kisasa. Nahodha akisema "zamani si sasa" bila kutaja ni kipi hasa kilichobadilika, hajatoa sababu.

Na kuna jambo ambalo linaifanya hoja hii iwe ya lazima kwa nahodha kuliko kwa mtu mwingine. Hussain wa vidole vitatu alistaafu mwaka 2004, na kwa miaka mingi sasa anakaa ndani ya kibanda kile kile alichokielekezea vidole, akiwachambua manahodha wa leo, tena kwa umahiri. Mike Atherton, aliyewahi kushika unahodha kabla yake, yuko humo pia. Cook, aliyetaka kitu kifanyike, leo ni mtangazaji. Karibu kila nahodha wa Uingereza wa kizazi hiki ameshavuka upande. Kwa hiyo kanuni yoyote anayoitunga nahodha juu ya wastaafu ni kanuni anayojitungia mwenyewe wa miaka kumi ijayo. Akiamini kwamba mstaafu hana haki ya kusema, asikubali mkataba wa runinga utakapokuja. Kama ataukubali, basi anajua tangu sasa kwamba haki hiyo ipo.

Stokes baadaye aliliondoa neno lake, akasema lilimtoka vibaya. Baada ya Perth alisema pia kwamba wako radhi kuitwa wabovu, lakini kuitwa wenye kiburi ni kuvuka mpaka. Kwa mizani niliyoieleza alikuwa amepatia kote kuwili: alirudisha alichosema juu ya watu, na alikataa hukumu juu ya moyo wake. Lakini lile dai la kati, la maandalizi, lilibaki pale pale. Kulikuwa na mechi ya siku mbili jijini Canberra kwa mpira wa waridi, mpira ule ule ambao ungetumika katika Testi ya pili, ya usiku, jijini Brisbane, na karibu kikosi chote cha kwanza hakikwenda. Brisbane walipoteza tena kwa wiketi nane, na kocha Brendon McCullum akatoka kusema kwamba kama kuna kosa, walikuwa wamejiandaa kupita kiasi. Wakongwe walisema wamejiandaa kidogo mno. Wote walikuwa wameziangalia mechi zile zile mbili, na hakuna upande uliokuwa umeweka mezani ziara za nyuma, moja baada ya nyingine, ili ijulikane ni mechi gani za maandalizi zilizomsaidia mpigaji gani.